Fundi kagusa vitu vitano, gari bado linamisi: ni wizi au hajui kazi?

#1 Usukani
Wakuu, salaam. Naombeni mnisaidie kufikiri, maana mwenyewe nimefika mwisho.

Gari langu ni Toyota ndogo ya petroli, injini 1NZ-FE, gia otomatiki. Wiki sita zilizopita taa ya injini iliwaka na gari likaanza kumisi, yaani injini inaunguruma kwa kukatakata. Likisimama kwenye foleni linatetemeka mpaka funguo zinazoning'inia zinagonga dashibodi. Nikikanyaga mafuta nikaondoka, linatulia kana kwamba halijawahi kuumwa.

Nikalipeleka kwa fundi niliyeelekezwa na jirani. Kwanza akasema plagi, tukabadilisha zote nne. Taa ikazimika, nikashukuru, siku ya tatu ikawaka. Akasema koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zote nne. Ikawaka tena. Ikaja pampu ya mafuta. Nozo zinazopuliza mafuta kwenye injini zikafunguliwa zikasafishwa. Juzi ikawa zamu ya sensa ya oksijeni. Kila mara nanunua spea, nalipa ufundi, taa inazimika siku mbili tatu kisha inarudi palepale. Jana ananiambia tufungue silinda hedi.

Nilipomuuliza kama safari hii ana uhakika, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Gari si binadamu, haliwezi kukwambia linaumwa wapi." Tangu hapo sijatulia.

Swali langu: huyu ni mwizi au hajui? Jibu ndilo litakaloniamulia. Mwizi nitamdai changu. Asiyejua nitaachana naye.

#2 Tairi la Akiba
Mwizi. Huo mjadala umekwisha.

#3 Chombo
Pole mkuu. Kabla hatujamhukumu mtu, alipima kwa mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari? Ilitoka namba gani ya kosa?

#4 Usukani
Alichomeka mara moja tu, siku ya kwanza. Kioo nilikipiga picha: P0171. Nilipouliza maana yake akasema ni mambo ya moto wa plagi.

#5 Spana 14
Habari zenu. Mimi ni fundi, mwaka wa 17 huu nipo chini ya magari, kwa hiyo ukweli nitausema hata kama unaniumiza.

P0171 haihusiani na moto wa plagi. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Moto ukipotea kwenye silinda, namba za kawaida ni za familia ya P0300: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Hata ingekuwa P0301, koili huwa hununui nne kwa kubahatisha. Unachomoa koili ya silinda ya kwanza, unaihamishia ya tatu, unaweka ya tatu kwenye ya kwanza. Namba ikihama ikawa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili ni nzima, hamia kwenye plagi, nozo au mgandamizo. Ni kazi ya dakika 10 na haihitaji spea hata moja.

Halafu wewe mwenyewe umeshaeleza ugonjwa: linamisi likiwa sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, likikimbia linatulia. Pampu ya mafuta ikichoka huwa kinyume chake, gari linasimama vizuri halafu linakosa nguvu mlimani, pale injini inapodai mafuta mengi. Huyo mtu alikuuzia pampu wakati dalili zote zinaikana.

Mimi ningetafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Mpira uliopasuka, au gasketi ya manifoldi ya hewa, ile njia inayogawa hewa kwenye silinda. Mwanya mdogo kwenye sailensi ni hewa nyingi ukilinganisha na ile kidogo inayopita kihalali. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi na ule mwanya haujulikani tena. Ndiyo maana linatulia.

#6 Tairi la Akiba
Spana 14 umemaliza kila kitu, na umethibitisha nilichosema #2.

#7 Chombo
Hapana, kathibitisha kinyume chake. Mwizi anayejua kazi angeziba mwanya kimyakimya, akakwambia kabadilisha pampu, akala pesa, na gari likapona. Ungemsifu mpaka leo. Huyu gari halijapona mara tano. Huyu hajui.

#8 Usukani
Spana 14, shukrani sana. Lakini mbona taa inazimika kila baada ya kazi? Hilo ndilo lililonifanya nimwamini mara zote tano.

#9 Spana 14
Kwa sababu anaizima yeye, kwa mashine au kwa kuchomoa betri. Makosa mengi kompyuta haiwashi taa kwa kuyaona mara moja. Inaweka kumbukumbu, inasubiri ilione kosa lilelile kwenye safari nyingine, ndipo inawasha. Hizo siku zako mbili tatu ni kompyuta inathibitisha upya. Taa iliyofutwa asubuhi haina maana yoyote jioni.

#10 Kijiti cha Oili
Hapo kwenye sensa ya oksijeni ndipo nilipochoka mimi. Sensa ilikuwa inasema kweli! Imeona hewa imezidi kwenye moshi, ikaripoti, ikang'olewa na kutupwa. Wahenga walisema mjumbe hauawi.

P0420 nayo ni hivyohivyo. Namba inasema katalitiki haisafishi moshi inavyotakiwa, mtu anakimbilia kuuziwa katalitiki nzima, kumbe kuna tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa linaingiza hewa. Namba inakupa mtaa. Nyumba unaitafuta mwenyewe.

#11 Mama Pacha
Nimeona injini yako Usukani nikashtuka, maana na yangu ni hiyohiyo. Naomba niseme yaliyonipata.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kwa fundi, si huyu wenu, kufanya sevisi ya kawaida. Oili na filta. Niliporudi nikamkuta ana mkanda mkononi, mweusi, umelainika kwa grisi, meno matatu yamekatika. Akaniambia, "Dada, huu ni mkanda wa taiming, ungekukatikia njiani ungeua injini, nimekuwekea mpya." Nililipa na nikamshukuru. Niliwasimulia watu kazini jinsi fundi alivyoniokoa.

Mwaka uliofuata nikaenda kwa fundi mwingine, nikamwomba aukague ule mkanda kama bado uko salama. Akanitazama muda mrefu. Akaniambia injini hii haina mkanda wa taiming. Ina cheni.

#12 Tairi la Akiba
😳

#13 Chombo
Dada pole sana. Lakini swali moja la haki: hiyo injini ina mkanda wa nje pia, unaozungusha alteneta na pampu ya maji. Haiwezekani alibadilisha huo akaupa jina lisilo lake? Wapo wanaochanganya.

#14 Mama Pacha
Nililifikiria hilo nikitaka kumtetea. Mkanda wa nje nimeuona kwa macho yangu, una mistari inayokwenda kwa urefu wa mkanda. Ule alionionyesha ulikuwa na meno yaliyokingama, kama ya zipu. Na mkanda wa nje wa gari langu yule fundi wa pili aliukuta una nyufa, ni wa zamani. Hakuna kilichobadilishwa.

#15 Chombo
Basi huyo sina la kumtetea. Alitunza mkanda mbovu wa gari jingine kwa kazi hiyo maalumu ya kuonyeshea watu.

#16 Mpiga Jeki
Nakazia. Kuna filta moja ya hewa, nyeusi tii, nina hakika imeonyeshwa kwa wateja zaidi ya mia 😂

Mengine niliyoyaona kwa macho nilipokuwa kijana wa kushika tochi gereji:

Shokapu kunyunyiziwa oili ili ionekane inavuja. Ukitaka kujua, iguse. Shokapu inayovuja kweli oili yake imeshika vumbi, imekuwa tope jeusi lililoganda. Ya kunyunyizwa inang'aa, haina hata chembe ya mchanga.

Sufuria ya gia otomatiki kufunguliwa, mteja akaonyeshwa uji wa kijivu kwenye sumaku: "Bosi, gia boksi inajila." Ile sumaku imewekwa pale na kiwanda kwa ajili ya kukusanya huo unga laini. Uogope vipande, au vikwaruzo vinavyoonekana kama kucha zilizokatwa.

Na breki. "Pedi zimeisha." Mwambie avue tairi akuonyeshe. Pedi mpya huwa na milimita 10 hadi 12 hivi, na wengi hubadilisha zikifika 3. Ikiwa na 6 bado unatembea. Na diski nyingi zina unene wa chini umepigwa chapa kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo kupima kunawezekana, si kukisia.

#17 Spana 14
Mpiga Jeki yote ni kweli, ila kwenye pedi ongeza kwamba ya ndani na ya nje hazilingani kila mara. Kaliper, ile inayobana pedi kwenye diski, ikikwama, ya nje unaikuta 6 na ya ndani imebaki bati. Mteja anachungulia kwa nje kupitia rimu, ananiita mwongo. Imenitokea.

#18 Taa Nyekundu
Dawa ni kila mtu anunue kijidude cha OBD2 cha Bluetooth, kile cha kuchomeka kwenye gari kikasoma makosa ya kompyuta. Tangu 1996 magari yote duniani yana lile tundu chini ya usukani. Unasoma mwenyewe kwa simu.

#19 Kijiti cha Oili
Rekebisha hapo mkuu. 1996 ni Marekani. Ulaya ililazimisha kwa magari mapya ya petroli 2001, dizeli 2004. Gari la zamani lililotengenezwa kwa soko jingine unaweza kukuta lina tundu la pini 16 na kijidude chako kisiongee nalo chochote. Usije ukadhani gari ni zima kwa sababu simu haikuonyesha kosa.

Na ukishakuwa nacho, tafadhali usiishie kusoma namba. Tazama takwimu zinazotembea: kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi likiwa sailensi, na inaongeza ngapi ukishikilia mizunguko 2500 kwa dakika. Usukani akiona inaongeza sana kwenye sailensi halafu inashuka akikanyaga, hoja ya Spana 14 ya mwanya imepata nguvu bila kufungua boliti hata moja.

#20 Taa Nyekundu
Nimepokea, asante.

#21 Mhasibu
Nimesoma mote humu mnabishana wizi au ujinga. Naomba niweke la tatu, mfumo wa malipo.

Niliwahi kufanya hesabu za gereji kubwa, yenye vioo na viyoyozi. Wale wanaompokea mteja walikuwa na mshahara mdogo, na kilichobaki kilitokana na asilimia ya walichouza. Kila Ijumaa liliwekwa jedwali ukutani: nani kauza shokapu ngapi, nani betri ngapi. Hakuna aliyeambiwa aibe. Aliyekuwa mkiani wiki tatu mfululizo alikuwa anaitwa ofisini. Nilimwona kijana mwadilifu kabisa akibadilika ndani ya miezi minne. Alianza kwa kusema "itafaa ubadilishe", ikawa "inabidi", ikaishia "ni hatari, sikuachii uondoke nalo hivi". Shokapu zilikuwa zilezile.

Mfano mkubwa unaojulikana ni wa Sears, kampuni ya maduka iliyokuwa na gereji, Marekani, 1992. Maofisa wa jimbo la California walipeleka magari kama wateja wa kawaida wakijua hasa kibovu ni kipi. Katika safari 34 kati ya 38 waliuziwa kazi zisizohitajika. Chanzo kilichotajwa ni kamisheni na malengo ya mauzo. Mkuu wa kampuni mwenyewe alikiri kwamba utaratibu ule ulitengeneza mazingira ya makosa kutokea, na wakaondoa kamisheni kwa wapokea wateja. Maelfu ya watu hawawezi kuwa wezi wa kuzaliwa kwa bahati mbaya wakaajiriwa mahali pamoja.

#22 Tairi la Akiba
Mhasibu nakuheshimu, ila hapo unamsafisha mwizi kwa sabuni ya bosi. Yule kijana mkono ulikuwa wake.

#23 Mhasibu
Ulikuwa wake, simkatalii. Nasema tu ukimfukuza na jedwali likabaki ukutani, atakayekuja baada yake atafanya lilelile.

#24 Kimya Kingi
Huwa sichangii, ila hapa ninafundisha kitu kinachohusu. Mwaka 1973 wachumi wawili, Darby na Karni, waliandika kuhusu huduma ambazo mteja hawezi kujua kama alizihitaji, hata baada ya kuzipata. Ukila tunda bovu unajua. Ukiambiwa pampu ilikuwa mbovu na gari sasa linatembea, huna namna ya kujua kama lingetembea na ile ya zamani. Anayekwambia unaumwa nini ndiye huyohuyo anayekuuzia dawa. Daktari yuko hivyo, wakili yuko hivyo, fundi yuko hivyo.

Mama Pacha asingejua mpaka anakufa, kama si kuuliza swali moja.

#25 Spana 14
Mwalimu kasema vizuri, nami nataka niliseme lililo moyoni mwangu kuhusu hilohilo.

Nani humu amewahi kumlipa fundi kwa kutafuta ugonjwa tu? Si kubadilisha, kutafuta. Kutafuta mwanya wa hewa kunaweza kunichukua saa tatu, nimeinama, injini ya moto, nikisikiliza kama daktari. Mwishoni nakwambia ni mpira wa urefu wa kiganja. Ukisikia bei ya mpira unanipa bei ya mpira. Ukiondoka pale unasema fundi huyu kazi ndogo anataka hela nyingi. Lakini nikikwambia pampu, unalipa pampu, unalipa ufundi wa pampu, tena unasema fundi kafanya kazi kubwa, jasho limemtoka.

Nyinyi wateja mnalipa chuma, akili hamtaki kuilipa. Basi fundi mwenye njaa anaificha akili yake ndani ya chuma. Anapandisha spea, au anauza spea isiyohitajika ili zile saa tatu zilipike. Sisemi ni halali. Nasema nimeona vijana wangu wawili wakijifunza hivyo kutoka kwa wateja, na hawakujifunza kwangu.

#26 Mpiga Jeki
Hapa Spana 14 umegusa kidonda. Bosi wangu wa zamani alikuwa anasema, "Nikimwambia ukweli ananipa asante, nikimwambia uongo ananipa hela."

#27 Tairi la Akiba
Na mimi niliyelipia uchunguzi, kwa bei aliyotaja mwenyewe, halafu bado nikauziwa alteneta nzima wakati betri ndiyo iliyokufa? Hapo mteja ana kosa gani?

Nilikuja kujua baadaye kwa mita ya umeme ya kawaida. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6. Ukiwasha injini, kwenye betri usome 13.5 hadi 14.7 hivi, basi alteneta inachaji. Alteneta yangu "mbovu" niliipeleka kwa fundi umeme akaifunga kwenye meza, ikatoa 14.2 bila shida. Bado ninayo, iko stoo. Kwa hiyo mkuu, nililipia akili na sikuletewa.

#28 Spana 14
Kaka hapo sina utetezi. Umeibiwa mara mbili.

#29 Chombo
Au alipima betri imekaa usiku mzima kwenye chaja, ikaonekana nzima? Betri inaweza kusoma 12.6 halafu ikaanguka ikipewa mzigo wa stata. Lazima ipimwe na mzigo. Bado nasimama kwenye kutojua, samahanini.

#30 Tairi la Akiba
Chombo wewe fundi akikuibia tairi zote nne ukiwa ndani ya gari utasema hakujua kama upo 😂

#31 Chombo
😂😂 Ila mpaka leo hujanijibu kuhusu mzigo wa stata.

#32 Mama Pacha
Narudi kwa kifupi. Kuna utafiti wa Marekani ambapo watu walipiga simu gereji mbalimbali kuuliza bei ya kubadilisha rejeta ya gari moja. Wanawake walioonekana hawajui bei walitajiwa kubwa kuliko wanaume wasiojua. Waliposema wameshasikia bei ya kawaida ni kiasi fulani, na wakataja iliyo sahihi, tofauti ya mwanamke na mwanamume ikapotea.

Tangu nisome hilo, sipeleki gari kabla sijajua bei ya spea na saa za kazi. Na simwambii fundi "angalia tatizo nini, tengeneza". Namwambia dalili, naomba anieleze atakachopima, nirudi kusikia majibu, ndipo tukubaliane. Wengine wamenikatalia. Nimeona ni bora wakatae mapema.

#33 Kijiti cha Oili
Dada umesema kweli. Mimi naongeza, spea ya zamani idai uondoke nayo.

#34 Mhasibu
Kwa tahadhari. Baadhi ya spea, kama alteneta, stata au kaliper zilizofanyiwa ukarabati, muuzaji hupunguza bei kwa sharti kwamba ya zamani irudishwe kwake. Fundi akikukatalia hizo asiitwe mwizi papo hapo. Ila kukuonyesha na kukuruhusu upige picha hakuna kinachomzuia.

#35 Usukani
Wakuu nimesoma yote. Za zamani nilizidai baada ya kusoma #33, nikapewa mfuko. Koili zilikuwa tatu, ya nne akasema imepotea. Plagi nne. Sasa tazameni hii picha: kushoto plagi mpya, kulia ya zamani niliyopewa. Ya zamani sehemu yenye nyuzi ni fupi, nimepima kwa rula inapungua karibu milimita 7. Inawezekana gari lilikuwa linatembea na hizo?

#36 Tairi la Akiba
Si za gari lako! Kachota kwenye ndoo ya chuma chakavu. Nimesema tangu #2.

#37 Chombo
Au fundi wa kabla yake ndiye aliyefunga fupi. Usukani, gari ulilinunua likiwa limetumika?

#38 Usukani
Ndiyo, limetumika. Na plagi sikuwahi kuzigusa kabla ya haya.

#39 Spana 14
Kuna namna ya kulijua hilo. Plagi fupi ikikaa kwenye tundu refu, nyuzi za chini za hedi zinabaki wazi kwenye moto na zinajaa kaboni. Ukija kuweka ndefu baadaye, inakwama karibu na mwisho, unaisikia mkononi, mpaka usafishe nyuzi. Ulikuwepo alipozifunga?

#40 Usukani
Nilikuwepo. Alizizungusha kwa vidole mpaka chini, akamalizia kwa spana. Hazikukwama hata moja.

#41 Spana 14
Basi fupi hazijawahi kukaa humo.

#42 Chombo
Sawa. Lakini gereji yenye magari sita na vijana wanne, mfuko wa plagi za zamani kuchanganyika ni kitu cha kila siku. Ulizidai wiki tano baada ya kazi. Huenda alikuokotea zozote akidhani unataka chuma chakavu. Hilo ni uzembe, sijui kama tayari ni wizi.

#43 Mpiga Jeki
Na mimi nilikuwa huyo kijana wa kuambiwa "mtafutie bosi plagi nne". Unachota tu. Ila koili iliyopotea hiyo, koili nzima inauzika.

#44 Usukani
Mrejesho, wakuu, siku tisa baadaye.

Kijidude cha OBD2 niliazima. Likiwa sailensi kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 24. Nikishika 2500 inashuka mpaka 6. Nikaenda kwa fundi mwingine, nikamwambia nakulipa kwa kutafuta, upate usipate. Alitumia mashine ya moshi, akapuliza moshi kwenye njia ya hewa injini ikiwa imezimwa, tukakaa tunatazama. Moshi ulitoka nyuma ya injini, chini ya mpira mdogo unaotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda kwenye manifoldi ya hewa. Kwa juu ni mzima, unang'aa. Alipoupindua, tumboni kwenye kona una ufa unaoingia ukucha.

Mpira ukabadilishwa. Halimisi tena, funguo zimenyamaza. Halafu nikamwomba anirudishie zile koili tatu za zamani, tukaacha mpya moja. Nimetembea nazo siku nne, mlima na foleni. Nzima zote.

Nikaupeleka ule mpira kwa fundi wa kwanza. Aliushika, akaupindua, akaingiza ukucha kwenye ufa. Akasema, "Huu sikuuona." Hakubisha. Akasema ufundi wa mara zote tano atanirudishia kidogo kidogo, spea hawezi, aliyemuuzia hazipokei. Koili ya nne nilipoiulizia akasema kijana aliyeichukua hafanyi kazi pale tena.

#45 Chombo
"Huu sikuuona." Ndiyo nilichokisema tangu mwanzo.

#46 Tairi la Akiba
Na koili nzima ikauzwa. Ndiyo nilichokisema tangu mwanzo.

#47 Mhasibu
Usukani, huyo muuzaji wa spea ulimchagua wewe au ulielekezwa na fundi?

#48 Usukani
Fundi alinielekeza. Mara zote tano duka lilelile.

#49 Mhasibu
Basi kuna jedwali mahali fulani, hata kama halijabandikwa ukutani.

#50 Spana 14
Inawezekana. Ila jueni kwamba fundi kumwelekeza mteja duka moja si lazima iwe kamisheni. Mimi nina duka moja ninalopeleka watu, kwa sababu mengine yamewahi kuniuzia pampu feki za boksi halisi mara mbili, na mteja akaja kunidai mimi. Usukani, huyo wa moshi ulimlipa vizuri?

#51 Usukani
Nilimlipa zaidi ya alichotaja, kwa ile saa na nusu. Mpira wenyewe ulikuwa kitu kidogo sana.

#52 Spana 14
Umefanya jambo kubwa kuliko unavyodhani.

#53 Mgeni Barabarani
Samahani kwa kudandia uzi. Langu linamisi asubuhi tu likiwa la baridi, likipata moto linatulia. Fundi kaniambia leo jioni tununue koili zote nne. Nimwambie nini?

#54 Kijiti cha Oili
Imetoka namba gani?